Kurejesha Maktaba ya Picha Baada ya Diski Kufa: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoshindwa kurejesha picha zao baada ya diski kufa huwa na nakala rudufu iliyo nzima kabisa. Kinachowaangusha ni mpangilio wa hatua. Mmoja huchomeka diski ya nakala huku programu ya kuhifadhi ikiwa bado imewashwa, nayo programu ikakuta folda tupu kwenye kompyuta na kuufanya utupu huo kuwa ndio hali mpya. Mwingine huifungua programu yake ya picha kabla faili hazijarudi mahali pake, akaona alama za kuuliza kila upande, akaamua kuziingiza picha upya, na kwa uamuzi huo mmoja akapoteza albamu, nyota, majina ya watu na marekebisho ya miaka mingi.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao haupaswi kupinduliwa: kulinda nakala, kurudisha faili, kuzihakiki, kurudisha katalogi (hifadhidata ya programu ya picha), na usawazishaji mwisho wa yote. Tangu diski ilipokufa, ile nakala rudufu ndiyo asili pekee iliyobaki, na inapaswa kushughulikiwa hivyo katika kila hatua.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Diski mpya yenye nafasi isiyopungua mara moja na nusu ya ukubwa wa maktaba yako. Diski iliyojaa pomoni huwa nzito, na katalogi huhitaji nafasi ya ziada inapojengwa upya.
- Diski ya pili, hata ya kuazima, kwa ajili ya kutengeneza nakala ya ile nakala rudufu.
- Kebo nzuri ya USB 3.0 au mpya zaidi. Kebo mbovu hukata muunganisho katikati ya kazi, na wengi huidhania diski ndiyo yenye kasoro.
- Programu ileile ya picha uliyokuwa ukiitumia, ya toleo lilelile au jipya zaidi. Katalogi iliyotengenezwa na toleo jipya kwa kawaida haifunguki kwenye toleo la zamani.
- Nywila za akaunti zako za wingu na, kama nakala ilisimbwa, nywila ya kuifungulia. Ijaribu sasa hivi, kwa maana nakala iliyosimbwa bila nywila yake haina msaada wowote.
- Muda. Terabaiti 1 kupitia USB 2.0, kwa kasi ya karibu megabaiti 35 kwa sekunde, huchukua takribani saa 8. Kupitia USB 3.0 kutoka diski inayozunguka, kwa megabaiti 100 hivi kwa sekunde, huchukua chini kidogo ya saa 3.
- Karatasi na kalamu, kwa sababu kuna idadi na majina ya folda utakayohitaji kuyalinganisha baadaye.

## Maktaba ni vitu viwili

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha akilini faili za picha na katalogi. Faili za picha ni zile JPEG, HEIC, RAW (picha ghafi za kamera) na video zenyewe. Katalogi ni hifadhidata ya programu, ambamo mna albamu, maneno ya utafutaji, alama na, kwa programu nyingi, marekebisho yote uliyoyafanya. Katalogi haibebi picha. Hubeba kumbukumbu ya mahali kila picha ilipokuwa, folda kwa folda.

Nakala ambazo programu ya Lightroom Classic hukushauri uzitengeneze unapoifunga ni za katalogi tu, na mtu anayezitegemea hizo peke yake hugundua kwa kuchelewa kwamba hana picha hata moja. Apple Photos hufanya tofauti: kwa mpangilio wake wa kawaida huweka picha na hifadhidata ndani ya furushi moja lenye mwisho wa .photoslibrary, na furushi hilo halipaswi kufumuliwa wala kunakiliwa vipandevipande.

Andika kwenye karatasi: faili za picha zimo katika nakala ipi, katalogi imo katika nakala ipi, na kila moja ni ya tarehe gani. Tarehe hizo mbili mara nyingi hazilingani, na tofauti yake utaihitaji katika hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba diski imekufa, kisha iache

Badilisha kebo, badilisha tundu la USB, na ikiwezekana ijaribu diski kwenye kompyuta nyingine. Boksi la diski ya nje huweza kuharibika huku diski iliyomo ikiwa nzima.

Ukisikia mgongano au mkwaruzo unaojirudia, ikatie umeme mara moja. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo inaweza kuuchubua zaidi uso unaobeba data. Usiendeshe programu za kurekebisha diski kama chkdsk, kwa sababu huandika juu ya diski inayokufa. Usiifungue, wala usiiweke kwenye friji kama baadhi ya watu wanavyoshauri: unyevu unaoganda ndani yake huongeza madhara.

Ikiwa nakala yako ni kamili, diski hii hutaihitaji tena kwa kazi iliyobaki. Ikiwa ina picha ambazo hazimo kwenye nakala yoyote, ihifadhi ikiwa imezimwa na uipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data kabla ya kujaribu chochote wewe mwenyewe.

## Hatua ya 2: Zima kila kinachoandika chenyewe

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, nayo hutokea kimyakimya. Zima hifadhi rudufu ya kujiendesha, iwe ni Time Machine ya Mac, Historia ya Faili ya Windows au programu nyingine yoyote. Simamisha usawazishaji wa wingu kwenye kompyuta, na kwenye simu pia kama zinatumia akaunti moja.

Usawazishaji hufanya kazi kwa pande zote mbili. Folda ikionekana tupu upande wa kompyuta, huduma inaweza kuelewa kwamba umefuta, ikafuta na upande wa pili. Ikiwa hilo limekwisha kutokea, nenda moja kwa moja kwenye pipa la taka la huduma yenyewe: Google Photos hukaa na picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni kwa siku 60 baada ya kufutwa, na iCloud hukaa nazo kwa siku 30.

Umefaulu ikiwa umeiwasha kompyuta upya na hakuna programu yoyote ya kuhifadhi au kusawazisha iliyojianzisha.

## Hatua ya 3: Kagua nakala na uitengenezee nakala

Chomeka diski ya nakala kwa namna ambayo kompyuta itaisoma bila kuiandikia. Kwenye Linux, ipandishe kwa `mount -o ro`. Kwenye Windows, programu ya diskpart ina amri `attributes disk set readonly`, lakini hakikisha kwa ukubwa wake kwamba diski uliyoichagua ndiyo hiyo, kwa sababu diskpart haikuulizi mara mbili. Ukiwa huna uhakika na amri hizi, ziache na uwe mwangalifu tu: usifute, usihamishe, usibadilishe jina la chochote kilichomo.

Andika idadi ya faili na jumla ya ukubwa wa folda kuu ya picha. Fungua picha chache kutoka miaka tofauti. Kisha nakili folda nzima kwenda diski ya pili, na kuanzia hapo fanya kazi kutoka kwenye nakala hiyo ya pili huku ile ya kwanza ikiwa imechomolewa na kuwekwa kando. Wengi huruka hatua hii kwa kuona inapoteza saa kadhaa. Ni kweli inazichukua, lakini diski ya nakala mara nyingi ina umri uleule na ile iliyokufa, na kuisoma yote kwa saa nyingi mfululizo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ilizowahi kufanya.

Nakala ya Time Machine ni ya kipekee kidogo: muundo wake haufai kuburutwa na kubandikwa kama folda ya kawaida, kwa hiyo kwayo utaruka kunakili na kwenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Iandae diski mpya ifanane na ile ya zamani

Fomati diski kwa mfumo unaoifaa kompyuta yako: NTFS kwa Windows, APFS kwa Mac. Usichague FAT32, kwa sababu haipokei faili inayofikia gigabaiti 4, na video ndefu zitakataa kuingia. Mfumo wa exFAT husomeka pande zote mbili, lakini Apple haiungi mkono kuweka maktaba ya Photos juu yake.

Kisha ipe diski jina lilelile la zamani. Kwenye Windows, ipe herufi ileile. Kama picha zilikuwa kwenye D:, diski mpya iwe D:. Kwenye Mac, jina la diski lilingane kwa kila herufi. Jambo hili dogo huokoa kazi ya siku nzima, kwa kuwa katalogi ya Lightroom Classic hutafuta picha kwa njia kamili ya folda. Njia ikilingana, katalogi itazikuta picha zote mahali pake.

## Hatua ya 5: Rudisha faili za picha

Namna ya kurudisha hutegemea aina ya nakala, na kuchanganya namna hizi ndilo kosa linalofuatia kwa wingi.

Nakala ya kawaida ya folda. Kuburuta kwa kipanya kunafaa kwa maktaba ndogo, lakini kwa kubwa tumia zana inayoweza kuendelea ilipokatika na kukuachia ripoti. Kwenye Windows:

`robocopy E:\Picha D:\Picha /E /DCOPY:T /R:1 /W:1 /LOG:D:\ripoti.txt`

Hapa E: ni nakala na D: ni diski mpya. Vipengele /R na /W si mapambo: bila hivyo, robocopy hujaribu faili moja iliyokwama hadi mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Usitumie kabisa kipengele cha /MIR. Hicho hufuta upande wa mwisho chochote kisichokuwepo upande wa mwanzo, na ukipindua herufi mbili za diski kwa bahati mbaya, kitaifuta nakala yako.

Kwenye Linux:

`rsync -av /media/nakala/Picha/ /media/mpya/Picha/`

Mkwaju wa mwisho baada ya jina la folda ya kwanza una maana. Ukiuacha, utapata folda ya Picha ndani ya folda ya Picha, na njia zote zitakuwa zimebadilika.

Historia ya Faili ya Windows. Rudisha kwa kutumia dirisha lake lenyewe. Ukiingia kwenye folda zake na kunakili moja kwa moja, kila faili itakuja na tarehe iliyobandikwa mwishoni mwa jina lake, na katalogi haitaitambua hata moja.

Time Machine. Rudisha kupitia Time Machine yenyewe. Kwa Apple Photos, chagua furushi la .photoslibrary kama kitu kimoja.

Wingu. Unapotoa picha nyingi kutoka Google Photos kwa Takeout, zana ya Google ya kupakua data yako, hupata mafurushi ya zip. Pakua yote kabla ya kufumua hata moja, uyafumue katika folda moja, na usizitupe faili za JSON zinazoambatana na picha: tarehe na maelezo uliyoyasahihisha kwa mkono ndani ya huduma hukaa humo, si ndani ya picha. Picha iliyomo kwenye albamu inaweza kuja mara mbili, kwenye folda ya mwaka na kwenye folda ya albamu. Tambua pia kwamba kama ulikuwa umechagua ubora wa kubana nafasi, picha zilizozidi megapikseli 16 zilipunguzwa, kwa hiyo nakala ya diski, ikiwepo, ndiyo itangulie.

Kwa namna yoyote ile, faili ndogo za pembeni ziandamane na picha zake: .xmp hubeba marekebisho ya RAW, .aae hubeba marekebisho ya iPhone, na faili ya MOV yenye jina sawa na HEIC ni nusu ya pili ya picha inayotembea.

Umefaulu ikiwa ripoti ya robocopy inaonyesha 0 katika safu ya zilizoshindikana, au rsync imemaliza bila ujumbe wa kosa, na idadi ya faili inalingana na ile uliyoiandika kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kushangilia

Idadi kulingana hakuthibitishi kwamba yaliyomo ni mazima. Linganisha folda mbili kwa maudhui. FreeFileSync, inayopatikana bure kwa Windows, Mac na Linux, ina namna ya kulinganisha faili kwa maudhui yake. Itumie kulinganisha tu, uisome orodha ya tofauti, kisha uifunge bila kubonyeza kitufe cha kusawazisha. Kwenye Linux, `rsync -avnc` hufanya kazi hiyohiyo bila kuandika chochote, na orodha ya faili ikitoka tupu, pande mbili zinafanana.

Ulinganisho huo hukwambia kwamba ulichonakili ni sawa na kilichokuwa kwenye nakala, basi. Kama picha ilikuwa imekwisha kuharibika ndani ya nakala, utakuwa umenakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo tafuta faili zenye ukubwa wa baiti 0, halafu fungua kwa ukubwa kamili sampuli ya picha za zamani kabisa, za karibuni kabisa, na video ndefu kuliko zote. Usiridhike na vijipicha: kamera huhifadhi kijipicha kando ndani ya faili, na kinaweza kung'aa vizuri huku picha yenyewe ikiwa nusu yake ni kijivu. Kwa JPEG nyingi, programu ya jpeginfo ikitumiwa na kipengele cha -c hukagua kila faili na kuzitaja zilizoharibika.

Usishtuke ukiona faili zote zina tarehe ya leo. Hiyo ni tarehe ya faili. Tarehe ya kupigwa picha imo ndani ya EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili, na programu za picha husoma hiyo. Picha zilizopitia WhatsApp ndizo zenye shida, kwa kuwa huondolewa EXIF, ingawa kwenye Android jina la faili hubaki na tarehe.

## Hatua ya 7: Rudisha katalogi

Sasa tu ndipo programu ya picha inafunguliwa. Nakili katalogi kutoka kwenye nakala, na uitunze nyingine isiyoguswa pembeni.

Kwa Lightroom Classic, rudisha faili ya .lrcat, pamoja na ile ya .lrcat-data kama ipo. Ukikuta faili yenye mwisho wa .lock, ifute, ni mabaki ya siku ambayo nakala ilichukuliwa programu ikiwa wazi, nayo huzuia katalogi kufunguka. Picha ndogo za kuonyeshea (previews) zenye mwisho wa .lrdata si lazima, kwa sababu programu huzijenga upya. Folda ikionyesha alama ya kuuliza, bofya kulia juu ya folda ya juu kabisa na uielekeze mahali ilipo sasa. Za ndani zitafuata. Usiiondoe folda hiyo kwenye katalogi na kuiingiza upya, kwani kuiondoa ni kufuta kumbukumbu zake zote.

Kama katalogi ni ya zamani kuliko picha, kutakuwa na picha ndani ya folda ambazo katalogi haizijui. Amri ya kuoanisha folda itaziongeza, lakini dirisha lake lina kisanduku cha kuondoa picha zisizopatikana. Kitoe alama kabla ya kuendelea.

Kwa digiKam, programu huitambua diski kwa kitambulisho chake cha ndani, hivyo jina lilelile halitoshi. Itakapokuuliza kuhusu mkusanyiko usiopatikana, chagua kuuelekeza mahali papya, usichague kuuondoa.

Kwa Apple Photos, shikilia vitufe vya Option na Command unapoifungua, nayo itakupa nafasi ya kuirekebisha maktaba. Fanya hivyo tu ikiwa inakataa kufunguka au inaonyesha picha pungufu.

Umefaulu ikiwa albamu tatu au nne unazozifahamu vizuri zina idadi yake kamili, na picha uliyowahi kuirekebisha inafunguka ikiwa na marekebisho yake.

## Hatua ya 8: Ziba pengo

Angalia tarehe ya picha ya mwisho katika maktaba, kisha utafute zilizopigwa kati ya tarehe hiyo na siku diski ilipokufa. Anza na kadi za kumbukumbu za kamera, na usizitumie kupiga picha nyingine mpaka umalize. Kadi iliyofutwa au kufomatiwa bila kutumiwa tena mara nyingi huokolewa kwa PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ingawa picha zitarudi bila majina yake ya awali. Baada ya hapo pekua simu na barua pepe. Picha ulizowatumia watu kwa programu za ujumbe ziwe chaguo la mwisho, kwa sababu kwa kawaida zimebanwa.

Ziweke zote katika folda yake peke yake, uziingize kwa njia ya kawaida, na uiruhusu programu iruke zinazojirudia.

## Hatua ya 9: Nakala mpya, kisha usawazishaji

Tengeneza nakala rudufu mpya kwenye diski tupu, si juu ya ile ya zamani. Kipimo kilichoenezwa na mpiga picha Peter Krogh kinafaa hapa: nakala 3, katika aina 2 za hifadhi, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Ikishakamilika, rudisha kutoka kwayo folda moja ndogo kwenda mahali pa majaribio na ufungue picha zake.

Usawazishaji wa wingu uuwashe baada ya hapo, kompyuta kwanza na simu baadaye, na uuangalie kwa muda wa kutosha kuona kwamba unapandisha faili bila kufuta yoyote. Ukiona idadi ya picha mtandaoni inashuka, usimamishe papo hapo na uangalie pipa la taka la huduma. Diski ya nakala ya zamani ibaki imechomolewa mpaka nakala mpya mbili ziwe zimehakikiwa, ndipo inaweza kufomatiwa na kupewa kazi nyingine.